Mzee Aliyetia Sukari Kwenye Tambi

Mzee wa meza ya pembeni alionja mchuzi kwa ncha ya kijiko, akatulia kidogo, halafu akavuta kwake kitrei chenye vikopo vinne. Akachota sukari, kijiko kizima, akaimwaga kwenye bakuli la tambi. Akafuatisha pilipili ya unga. Kisha siki iliyojaa vipande vya pilipili mbichi, kisha matone ya kimiminika cha rangi ya chai. Akazigeuza tambi kuanzia chini kwa vijiti, akaonja tena, akaongeza siki.

Shemeji alikuwa ameacha kula.

"Umemwona yule?" aliniuliza kwa kunong'ona, ingawa mle ndani hapakuwa na mwingine wa kuelewa lugha yetu. "Bakuli limetua sasa hivi tu."

"Ameonja kwanza," nikamjibu.

"Ameonja, halafu akatia sukari. Sukari, shemeji! Kwenye supu ya nyama!"

Shemeji yangu ni mpishi. Amezeekea kwenye majiko ya hoteli, na huko alikolelewa kikazi sahani haitoki mpaka mkuu wa jiko aionje. Ikishatoka, imekamilika. Mteja anayenyoosha mkono kutafuta chumvi anamwambia mpishi, bila kufungua mdomo, kwamba kazi yake ameifanya nusu. Kwa hiyo alichokuwa akikitazama kwenye ile meza yalikuwa matusi ya wazi, na kilichomkera zaidi ni kwamba mhudumu alipita pale, akaona, akatabasamu, akaendelea na shughuli zake.

Ulikuwa mgahawa wa kawaida kabisa wa Kithai, wa katikati ya mji, wa watu wanaotoka ofisini wakiwa na saa moja ya kula: meza zilizobanana, menyu iliyofunikwa nailoni, picha ya mfalme ukutani, feni moja inayolalamika. Tulikula, tukalipa, tukaondoka. Shemeji alishasahau kabla hatujavuka barabara. Mimi sikusahau. Wiki zilipita na bado nilikuwa nikilirudia lile tukio nikiwa naosha vyombo, nikiwa kwenye foleni, hata usiku. Na kilichonikaa kichwani hakikuwa sukari.

Meza yetu haikuwa na kile kitrei.

## Vikopo vinne

Kimoja huwa na sukari nyeupe. Cha pili, pilipili kavu iliyokaushwa kwenye moto ikatwangwa bila kulainika. Cha tatu, siki yenye pilipili mbichi zilizokatwakatwa. Cha nne, mchuzi wa samaki, yaani nam pla, yale maji ya kahawia yanayochujwa kutoka kwa dagaa waliovundikwa na chumvi kwa miezi mingi, mara nyingi mwaka au zaidi. Humo nako huelea vipilipili vidogo. Utamu, ukali, uchachu, chumvi. Nchini Thailand, kwenye kibanda cha tambi, vikopo hivi vipo mezani kabla hujafika na vitabaki ukishaondoka. Hakuna anayeviomba.

Tena mteja wa kibanda hicho ameanza kuamua mapema zaidi. Anachagua tambi: nyembamba kama uzi, za wastani, pana, au zile za njano za mayai. Anasema kama anataka zenye mchuzi au kavu. Anasema nyama gani. Muuzaji anatumbukiza tambi kwenye maji yanayochemka, ndani ya kichungio chenye mpini mrefu, sekunde chache tu, anazimimina bakulini, anaongeza nyama, mchipuko wa choroko, kitunguu saumu kilichokaangwa, kisha mchuzi juu.

Mchuzi huo umechemka na mifupa kwa saa nyingi. Una kina. Lakini umeachwa nyuma kidogo kwa makusudi, kama fundi cherehani anavyoacha pindo la suruali mpaka mwenye miguu afike.

Na ile sukari iliyomuudhi shemeji ina kazi yake. Nilijaribu nyumbani, kwa mchuzi wa mifupa usio na kitu kingine, niliougawa kwenye vikombe viwili. Vyote nikavitia siki, mchuzi wa samaki na pilipili kwa kiasi kilekile. Kimoja tu nikakitia sukari. Kwenye kikombe kisicho na sukari kila ladha ilifika peke yake: siki ikapiga kwanza, chumvi ikafuata, pilipili ikabaki kooni. Kwenye kile cha pili zilifika kwa pamoja, na utamu wenyewe sikuuona popote. Ulikuwa umeshika siki mkono.

Kwa hiyo kuhusu sukari nilishajua nisimame wapi. Mzee hakumtukana mtu. Alikuwa akimaliza kazi ambayo mpishi alimwachia.

Nilidhani hapo ndipo hadithi inapoishia.

## Lakini mchuzi wa nazi je?

Kikwazo ni kwamba tambi si menyu nzima.

Chukua ule mchuzi wa kijani unaopendwa na kila anayeingia mgahawa wa Kithai. Pilipili mbichi, mchaichai, kitunguu saumu na vingine vinatwangwa kwenye kinu mpaka viwe rojo. Tui zito linachemshwa mpaka lianze kutoa mafuta, rojo linakaangwa humo hadi harufu ibadilike, nyama inaingia, tui jepesi linafuata, halafu mchuzi wa samaki na sukari ya mnazi. Hapo mpishi ameshapima kila kitu. Ukimimina siki juu yake, hata yule mzee atakukodolea macho. Kwenye chakula cha namna hiyo shemeji ana haki zote.

Hili lilinisumbua zaidi ya sukari, kwa sababu lilinivunjia nadharia. Kama Wathai wanaamini kwamba mlaji ndiye anayemalizia kupika, mbona kwenye mchuzi wa nazi anaambiwa akae mkao wa kula tu?

Nililipata jibu kwa kutazama meza badala ya bakuli. Familia ya Kithai ikikaa kula, haiagizi mchuzi wa kijani mmoja kwa kila mtu. Wali ndio wa kila mtu. Vingine vinakaa katikati: supu yenye uchachu, mchuzi wa nazi, mboga za kukaanga kwenye karai, samaki, pengine kachumbari kali ya papai bichi, au kitoweo kikali cha kuchovyea mboga mbichi. Kijiko kiko mkono wa kulia, uma uko wa kushoto na kazi yake ni kusukumia chakula kwenye kijiko. Kisu hakipo, kukata kulikwisha jikoni. Vijiti, ambavyo wageni huviomba kwa fahari kubwa, ni vya tambi. Mtu anachota kidogo cha kimoja, anakiweka juu ya wali wake, anakula, ndipo anachota kingine.

Ule mchuzi mzito wa nazi haukukusudiwa umalizwe na mtu mmoja, bakuli zima, mpaka chini. Ulikusudiwa ufuatwe na kijiko cha supu ya ndimu. Mlaji anapanga ladha kwa mpangilio wa kuchota. Vikopo havipo, lakini kazi ni ileile.

Sasa tazama sisi. Tunaingia watu wanne, kila mmoja anaagiza sahani yake, anaikumbatia. Anayekula mchuzi wa kijani anafika nusu na kusema umekuwa mzito, una utamu mwingi. Aliyeagiza supu anasema inachachuka mno. Wameketi bega kwa bega, kila mmoja akiwa na dawa ya mwenzake, na hakuna anayenyoosha kijiko.

(Na kwa kuwa tumefika kwenye supu: katika tom yum, vile vipande vya mchaichai, majani ya ndimu na mzizi ule mgumu unaofanana na tangawizi haviliwi. Vimewekwa kwa ajili ya harufu, unavisukuma pembeni. Nimewahi kumtazama mtu akiutafuna mchaichai kwa uvumilivu wa ajabu, kwa kuogopa kuonekana mshamba. Tangu mwaka 2024 supu hiyo ya kamba imo kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni usioshikika, lakini mchaichai bado hautafuniki.)

## Moja hadi tano

Niliporudi pale, mhudumu aliniuliza swali ambalo linaulizwa kwenye migahawa ya namna hii karibu kila mahali: pilipili kiasi gani, moja hadi tano?

Meza ya nyuma yangu walikuwa wasichana wawili wa Kithai. Wao hakuwauliza.

Nakiri kwamba nilihisi kichomi kidogo. Wale wanajulikana. Sisi wengine tunapewa mizani. Nikasema tatu. Chakula kilipokuja kilikuwa kipole mpaka nikajiuliza kama hiyo tatu ilihesabiwa kutoka upande gani. Siku nyingine, tatu hiyohiyo, na mhudumu mwingine, ilinitoa machozi na makamasi mbele za watu.

Namba hizo hazipimi kitu. Kipimo cha ukali kipo, cha mkemia Wilbur Scoville, cha tangu 1912, na vipilipili vidogo vya Kithai kwa kawaida huwekwa kati ya 50,000 na 100,000 kwenye mizani hiyo. Hilo peke yake linaonyesha tatizo: pilipili mbili za aina moja zinaweza kupishana mara mbili kwa ukali, na mpishi anahesabu punje, hapimi kemikali. Kapsaisini, kiini cha ule ukali, haina hata ladha. Inakwenda kufungua kipokezi kilekile cha neva kinachotuambia kwamba kitu ni cha moto, na ndiyo maana mwili unatoa jasho kana kwamba umekaa jikoni. David Julius, aliyekibaini kipokezi hicho, alipata Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 2021 pamoja na Ardem Patapoutian. Maji hayasaidii kwa sababu kapsaisini haiyeyuki kwenye maji, inapenda mafuta. Maziwa yanasaidia. Ile chai ya Kithai ya rangi ya machungwa, yenye maziwa mazito ya kopo, mtu akiigusa katikati ya mlo anajua kwa nini ipo kwenye menyu.

Pilipili yenyewe ni mgeni huko. Asili yake ni bara la Amerika, na ilifika upande ule wa Asia baada ya Wareno kuanza kuvuka bahari na mizigo yao. Ayutthaya, mji mkuu wa wakati huo wa Siam, yaani Thailand ya leo, walifika mwaka 1511. Kabla ya hapo ukali wa vyakula vya Siam ulitoka kwenye pilipili manga na jamaa zake. Ninalitaja hili kwa sababu ya watu wanaoagiza namba tano kwa lengo la kuthibitisha kwamba wao wanakula "Kithai halisi". Uhalisi huo ulishuka melini.

Nikaanza kujenga mkakati: niagize moja, niombe vikopo, nijiongezee mwenyewe. Unaweza kuongeza ukali, huwezi kuutoa. Kwa hesabu ni sawa kabisa. Kwa chakula, si sawa kila mara. Pilipili iliyokaangwa kwenye mafuta ya karai pamoja na kitunguu saumu inaingia ndani ya mafuta na kuenea kila mahali. Pilipili kavu uliyonyunyiza juu inakaa palepale ulipoinyunyiza. Kwenye kachumbari ya papai bichi hali ni mbaya zaidi, kwa sababu pilipili na kitunguu saumu ndivyo vinavyotangulia kinuni, kabla ya ndimu, kabla ya mchuzi wa samaki, kabla ya papai lenyewe. Hapo ukisema moja, umeamua kabla mchi haujainuliwa.

Basi kuna vitu mlaji anavimalizia na kuna vitu anaviamua mapema, na namba moja haiwezi kubeba vyote viwili.

## Serikali ilipoingia jikoni

Wakati nikihangaika na swali la nani mwenye ladha, mpishi au mlaji, nilikutana na mdai wa tatu ambaye sikumtarajia.

Pad Thai, zile tambi za mchele zinazokaangwa na yai, ukwaju, kamba wakavu na karanga, ndiyo sahani ambayo mtu akiingia mgahawa wa Kithai kwa mara ya kwanza huiagiza. Umaarufu wake ni kazi ya serikali kwa kiasi kikubwa. Plaek Phibunsongkhram alishika uwaziri mkuu mwaka 1938, mwaka uliofuata Siam ikaitwa Thailand, na kati ya 1939 na 1942 serikali yake ikatoa maagizo 12 ya kuwafundisha raia uzalendo: wavae vipi, waiheshimu vipi bendera, watumie bidhaa zipi. Tambi zilikuja nchini na wahamiaji wa Kichina, na kukaanga kwenye karai ni ufundi wa Kichina. Serikali ikawahimiza raia wazile na waziuze, zikiwa na jina la taifa juu yake. Chakula cha wageni kikavalishwa bendera.

Miaka mingi baadaye ikarudi tena, safari hii nje ya mipaka. Mwaka 2002 Thailand ilianzisha mpango ulioitwa Global Thai wa kuongeza migahawa ya Kithai duniani, ambayo wakati huo ilikadiriwa kuwa takriban 5,500. Kulikuwa na mikopo ya benki ya serikali, mafunzo ya wapishi, na hata vielelezo vitatu vya mgahawa vilivyochorwa tayari: Elephant Jump wa bei nafuu, Cool Basil wa kati, Golden Leaf wa kifahari. Wizara ya Biashara ina cheti chake, Thai Select, kinachobandikwa mlangoni. Baada ya muongo mmoja hivi idadi ilikuwa imepita 10,000.

Sisemi kwamba kile kimgahawa chetu chenye feni inayolalamika kilijengwa na waziri. Mwenyewe alikianzisha kwa jasho lake. Lakini niliacha kushangaa kwa nini menyu za migahawa hii zinafanana hivyo katika miji iliyo mbalimbali, mchuzi mwekundu, wa kijani, wa njano, kuku au kamba au tofu. Kuna watu walikaa ofisini wakafikiria mgeni atapenda nini.

Ningeweza kukasirika. Wako wanaokasirika, wanaosema hiki ni chakula cha maonyesho. Mimi nilijikuta nikiitazama sahani ya Pad Thai kwa karibu. Pembeni yake kuna kipande cha ndimu. Kuna kichuguu cha karanga zilizopondwa. Kuna pilipili ya unga na, mahali wanapojali, kichuguu cha sukari. Mchipuko mbichi wa choroko umewekwa kando, haujakorogwa.

Hata sahani ya serikali imemwachia mlaji kazi.

## "Hukuomba"

Hatimaye nilienda saa za jioni mapema, ile saa ambayo wa mchana wameondoka na wa usiku hawajafika. Mama mwenye mgahawa alikuwa mezani nyuma akihesabu risiti. Nilimsalimia, nikaagiza tambi za mchuzi, nikamuuliza moja kwa moja: "Mama, mbona vile vikopo vinne hamtuletei sisi?"

Alinitazama kama mtu anayeulizwa swali lililochelewa.

Zamani vilikuwa kila meza, alisema. Lakini watu walifungua kikopo cha mchuzi wa samaki wakauliza kimeoza nini. Watoto walikula sukari. Wengine walimimina vyote vinne kwenye mchuzi wa nazi, wakaonja, wakarudisha sahani jikoni wakidai imeharibika, na hasara ikawa yake. Akaviondoa. Siku hizi vinaletwa kwa anayeagiza tambi kwa Kithai, au anayeomba.

"Wewe hukuomba," alisema.

"Nisingejua kuomba, Mama."

"Sasa unajua." Akavileta mwenyewe.

Kuhusu namba alikuwa mkweli kuliko nilivyotegemea. Mgeni akisema tano, jiko linapika tatu. Akimaliza bila kulalamika, siku nyingine anapewa nne. Anakumbuka sura. Sahani inayorudi jikoni ni nyama, gesi na muda, na hakuna anayemlipa kwa hivyo.

Sikuondoka nimeridhika kabisa. Anafanya biashara, naelewa, lakini bado ni yeye anayeamua nani amekua vya kutosha kuaminiwa na vikopo, na anaamua kwa kutazama uso na kusikiliza lafudhi. Mtu anaweza kula pale miaka mingi akidhani tambi zake ni hafifu, na asijue kwamba nusu ya mlo wake iko kwenye rafu nyuma ya kaunta. Ningependa angalau sentensi moja kwenye menyu. Nilimwambia. Alisema menyu imejaa.

Kabla sijatia kitu, alininyooshea kidole: onja kwanza. Halafu akanipa utaratibu wake. Mchuzi wa samaki kama chumvi haitoshi, siki, sukari kidogo kufuata siki, pilipili mwisho, na kila mara onja katikati. Wako wanaofuata mpangilio mwingine, alisema, na wote wanakosea. Ndiyo kusema hata kwenye uhuru wa vikopo kuna wakubwa wa jiko.

Nilimpigia shemeji simu siku hiyohiyo.

"Basi mpishi hapo kazi yake nini?" aliniuliza, na hakuwa anafanya mzaha.

Nikamwambia ajaribu kupika mchuzi mmoja utakaobaki mtamu hata mtu akiuvuta kwenye uchachu, akiuvuta kwenye ukali, akiuvuta kwenye chumvi, na watu mia wakiuvuta kila mmoja upande wake. Mchuzi uliokolea tayari hauna pa kwenda. Alinyamaza. Nilisikia anawaza, maana shemeji akiwaza hupumua kwa pua.

"Hiyo ni kazi," akakubali. Halafu: "Lakini kijiko kizima cha sukari, shemeji."

## Kisichorekebishika

Jioni ile, wakati mimi nacheza na vikopo vyangu, wafanyakazi walikaa kula. Hawakula kitu chochote cha kwenye picha za menyu. Kila mmoja alikuwa na wali, nyama iliyokatwakatwa na kukaangwa na pilipili, vitunguu saumu na majani, na juu yake yai la kukaanga lenye kingo zilizokakamaa. Pad kaphrao. Nchini Thailand ndicho chakula cha kila siku, kile ambacho mtu huagiza akishindwa kufikiria cha kuagiza.

Kwenye menyu kipo. Nimekiagiza mara nyingi. Lakini harufu iliyotoka kwenye meza yao haikuwahi kutoka kwenye sahani yangu, na nilimuuliza mama kwa nini.

Majani, alisema. Kaphrao ni rehani ya aina yake: jani lina vinyweleo laini, harufu yake ina ukali wa pilipili manga na karafuu. Rehani inayopatikana kirahisi ni ile nyingine, horapha, yenye jani linalong'aa na harufu ya shamari. Ni nzuri kwenye mchuzi wa kijani. Kwenye kaphrao ni chakula kingine. Kaphrao inanyauka haraka, inafika siku mbili tu kwa wiki, kifurushi kidogo, na kikiisha wanatumia horapha bila kumwambia mteja, kwa sababu wateja wengi hawaulizi.

Hakuna kikopo cha kurekebisha hilo. Ukitia sukari, siki, pilipili, mchuzi wa samaki, vyote, bado hutapata harufu ya jani ambalo halikuwekwa. Nimefikiria sana juu ya mlaji anayemalizia kupika, na naendelea kuamini hivyo, lakini mlaji anamalizia kilichoanzwa tu.

Mzigo wa kaphrao unafika Jumanne na Ijumaa. Ukienda siku hizo, uliza kabla hujakaa, agiza na yai, na uombe kikopo cha nne. Siki usiiguse, nilishakaripiwa.